Chini ya Paa Moja

Baraza la Ngao halikuwa na mlango hata mmoja. Lilikuwa na ukuta mrefu nyuma, paa juu na nguzo mbele, na upepo wa soko la Megara uliingia na kutoka humo upendavyo. Lakini tangu asubuhi Matrea, msaka wezi wa mji, alikuwa amenaswa ndani yake kama panya, na kilichomnasa ni uzi wa sufu.

Uzi wenyewe ulikuwa mwekundu na mwembamba. Kuhani alikuwa ameuzungusha kwenye vigingi nje ya ngazi za baraza, kote kote, kisha akaufunga fundo. Mtu akiuawa chini ya paa, damu yake humpata kila aliye chini ya paa hilo, na hatoki mtu mpaka mwenye mkono atajwe. Damu ya maiti maji ya bahari huitoa, lakini ya muuaji mwenyewe hupita kwa paa na hupita kwa kuguswa, na haitoki tena, hilo hata watoto wanaonyonya wanalijua. Matrea alilijua vizuri kuliko wengi. Lakini alipoitwa alikuja mbio, mkate ungali mdomoni, akaona maiti, akauruka uzi kabla kuhani hajafungua kinywa.

"Umeingia," kuhani alimwambia. "Basi umo."

Sasa ilikuwa karibu adhuhuri, na Mzee Telekle, mkuu wa wazee wa mji, alikuwa amesimama upande wa pili wa uzi na joho lake safi, akimtazama Matrea kwa jicho la mtu aliyeshiba.

"Mzee, hebu niache nitoke nikaulizie ulizie mjini."

"Mji hautaki kuulizwa na mtu mwenye damu ya watu. Waulize hao ulio nao." Telekle akashusha sauti. "Jua likizama nakuja. Ukiwa na jina, nipe. Ukiwa huna, Sagari anapanda gurudumu la mateso, na jina tutalipata kwake."

Sagari alikuwa mtumwa wa mji, mfagiaji wa baraza, Mfrigia mwenye mabega mapana na mdomo usiojua kupumzika. Walikuwa wamemfunga mikono kwenye nguzo ya mwisho. Akatema mate pembeni.

"Mnataka jina gani, Mzee? Niambieni mapema nilikariri, tusichoshane."

Askari wenye virungu wakacheka. Telekle hakucheka.

"Neno la mtumwa halina uzito mbele ya wazee mpaka litoke kwa maumivu," alisema. "Sikuitunga mimi hiyo sheria."

Akaenda zake. Matrea alimtazama Sagari, akaona kwamba nyuma ya ule utani midomo ilikuwa inamcheza. Gurudumu Matrea alikwisha kuliona likifanya kazi. Mtu hutoka juu yake amekubali yote aliyoulizwa na mengine ambayo hakuulizwa, na mikono yake haishiki tena hata kijiko.

Maiti ilikuwa chini ya kiti cha jiwe kilichoegemea ukuta. Fokino, mwalimu wa hoja, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye wanafunzi wengi kuliko umri wake ulivyostahili. Walimfunika kwa joho lake mwenyewe. Kando yake ililala ngao ya shaba, nyara ya vita vya kina babu, nzito kama mlango wa ghala. Ilikuwa imetundikwa juu ya kiti kile, na asubuhi ile, Fokino akiwa katikati ya maneno, ikamwangukia utosini.

Wazee walikuwa wameshamaliza kufikiri. Jana jioni Sagari aliziteremsha ngao zote kuzisugua kwa ajili ya sikukuu, akazirudisha. Imeanguka ngao, na aliyeitundika ni Sagari. Mchezo umekwisha.

Matrea alichutama, goti lake bovu likalalamika, akaushika ukanda wa ngozi uliokuwa umeitundika ngao. Ulikuwa umekatika karibu na pete. Aliugeuza kwenye mwanga. Upana wake mwingi ulikuwa umekatwa kwa kisu, safi, na kilichobaki, kipande chembamba cha ukingoni, ndicho kilichoraruka.

"Sagari. Ngao unazisugulia nini?"

"Jivu na siki. Mikono yangu yote imebabuka. Unataka kunisaidia?"

"Na mikanda?"

"Mikanda inapata jivu lake bila kuombwa. Jivu haliulizi njia."

Ni kweli, ukanda mzima ulikuwa na utando wa kijivu. Lakini pale penye kisu, ule uso mpya wa ngozi ulikuwa mweupe, hauna hata chembe. Ngao ilisuguliwa, ikatundikwa, kisha ndipo ukanda ukakatwa. Matrea aliuonea furaha kidogo ugunduzi huo, halafu furaha ikamtoka. Aliyetundika jioni angeweza kurudi kukata usiku. Baraza halina mlango, kila mtu angeweza kuingia, na Sagari naye ni mtu.

Mbali na yeye na Sagari, uzi ulikuwa umewafungia watu wanne. Aliamua kuanza na yule aliyekuwa akinung'unika zaidi.

Pantakla, mfanyabiashara wa chumvi, mnene, amevaa mkanda wenye kisu. Alikuwa amelipia miaka mingi kufundishwa hoja na bado hakuna aliyewahi kumwona akishinda hata moja.

"Nasikia juzi Fokino alikuita gunia la chumvi linalovuja. Mbele za watu."

"Alimwita kila mtu kitu! Bito alimwita shubiri."

"Bito hana kisu. Nipe hicho."

Pantakla alikitoa polepole. Kwenye mpini na kwenye shina la kisu kulikuwa na unga wa kijivu. Kijana mmoja wa askari, upande wa pili wa uzi, akanyosha shingo. Matrea aliukwangua unga ule kwa ukucha, akauweka ulimini, akakunja uso.

"Chumvi," alisema.

"Sasa ulitegemea nini, asali? Napasua magunia kutwa!" Pantakla alikuwa ametoka jasho mpaka kwenye ndevu. "Matrea, ndugu yangu, sikiliza. Mke wangu ananingoja. Wewe mkeo anakungoja. Huyo ni mtumwa tu. Mzee akija, nyamaza kimya, wamchukue, twende zetu nyumbani tukaoge."

"Nakusikia, gunia!" Sagari alipaza sauti kutoka kwenye nguzo yake. "Masikio hawajanifunga!"

Matrea alikirudisha kisu. Kilichomkera ni kwamba shauri la Pantakla lilikuwa limeshapita kichwani mwake mwenyewe, na halikupita haraka.

Bito aliuza vitunguu saumu chini ya nguzo ya kwanza, mwanamke mkavu, mtu mzima, na kapu lake alilikumbatia kama mtu atakayeibiwa. Alikuwa analia.

"Acha machozi ya saumu, mama," Matrea akamwambia. "Humu tu Wamegara watupu, hila hiyo tunaijua."

Bito akajifuta mara moja, macho makavu. "Haya. Uliza."

"Fokino alikuwa anakaa hapo kila siku?"

"Apate wapi! Hicho ni kiti cha mshindi. Anayeshinda mabishano ya jioni, kesho yake anakikalia. Kaligene ndiye mwenye kiti hicho tangu mimi nikiwa na meno yote. Fokino leo ndiyo kwanza kapanda, na ona kilichompata."

Matrea alisimama ghafla, goti likalia. Kwa hiyo mtego ulikuwa wa Kaligene! Ngao ilimkosa mwenye kiti, ikampata mgeni wa siku moja. Mawazo yake yakaanza kukimbilia nani anamchukia Kaligene, akatembea mpaka mwisho wa baraza na kurudi, akafika mbele ya ule ukanda, akasimama.

Utando wa jivu. Mabishano yalikwisha jioni, Sagari akasugua baada ya watu kuondoka, na kisu kikaja baada ya jivu. Aliyekata alikwisha kujua kesho anakaa nani. Kwa hiyo Kaligene hakuponea chupuchupu hata kidogo. Matrea alijiona mjinga, akarudi kwa Bito.

"Jana Kaligene alishindwaje?"

"Mimi nauza saumu. Muulize mwanawe."

Kaligene mwenyewe alikuwa nje. Si nje ya uzi, ila nje ya paa. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, juani, mgongo wake mwembamba umewageukia, ndevu nyeupe kifuani. Alikuwa bingwa wa hoja wa Megara, mtu aliyeweza kukuthibitishia kwamba una pembe, nawe ukapapasa kipaji cha uso. Walisema ana huzuni ya rafiki, wakamwacha.

Mwanawe Evalko, mtoto pekee, mwanamume mzima mwenye ndevu nyeusi za mviringo, alikuwa amekaa kando ya maiti. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuhitaji saumu.

"Pole, Evalko."

"Alikuwa mwalimu wangu. Baba alinifundisha kuongea. Huyu alinifundisha kunyamaza." Akaliweka sawa joho la maiti. "Tulikuwa tunasafiri wote. Bahari ikifunguka tu kwa vyombo, Sirakusa, ng'ambo ya mbali. Wamemwita akafungue baraza lake huko, akaniomba niende naye. Asubuhi nilikuwa njiani kwenda bandarini kutafuta chombo, nikasikia mayowe, nikarudi."

"Kwa hiyo ngao ilipoanguka hukuwapo."

"Nilimkuta yuko chini tayari."

"Na baba yako?"

"Alikuwa ngazini. Aliniambia nisiingie."

"Alimpanulia mikono hivi," Bito alidakia kutoka kwenye kapu lake, akaonyesha kama mtu anayezuia kuku. "Usiingie, usiingie! Lakini hakumshika. Kijana akampita pembeni."

"Sirakusa," Matrea alisema. "Ungerudi lini?"

Evalko aliinua mabega. "Watu hawarudi kutoka Sirakusa. Baba aliniambia hivyo hivyo."

"Alikasirika?"

"Alicheka. Akasema safari ni hoja nzuri."

Matrea akaketi karibu naye kwenye sakafu. "Nieleze ya jana. Alishindwa hoja gani?"

Hapo Evalko aliona haya, kama mtu anayeulizwa kuhusu mzazi wake aliyelewa hadharani. "Ya lundo la ngano. Punje moja si lundo, mbili si lundo, lini linakuwa lundo? Hiyo Baba anaijibu akiwa usingizini. Nimemsikia akiijibu na homa. Jana Fokino alimuuliza kwa mzaha tu, kufungulia mdomo, naye akajibu kama mtoto wa siku ya kwanza. Halafu akainuka kitini, akasema, 'Panda, Fokino, ni chako.' Watu walishangilia. Mimi nililia njia nzima. Nikajua amezeeka."

Matrea akamgeukia Pantakla. "Na leo asubuhi? Fokino alikuwa anafanya nini ngao ilipoanguka?"

"Alikuwa anashinda. Kaligene alimpa swali, jepesi, akalijibu. Kaligene akasema, 'Umenipata tena.' Basi Fokino akacheka, akapiga ukuta kwa fimbo. Si unajua, akishinda lazima apige ukuta, tap tap tap, anatukera sote..." Pantakla akasita, mdomo ukabaki wazi.

Hata yeye, aliyelipa miaka mingi bure, alikuwa ameiona.

Matrea akamwashiria anyamaze. Kipande cha ukanda kilichobaki kingekatika kwa mtikiso mdogo tu, na mtikiso ulihitaji ushindi, na ushindi unatolewa na anayeshindwa. Jina alikuwa nalo. Lakini jina si ushahidi. Angesema nini mbele ya wazee? Kwamba mzee alishindwa mabishano mara mbili? Kaligene angesimama, angemuuliza maswali matatu ya upole, na kabla ya la nne Matrea angekuwa amekiri kwamba ngao haikuanguka, Fokino hakufa, na yeye Matrea ana pembe. Wazee wangecheka, kisha wangemchukua Sagari.

Mvua ilianza alasiri. Ilikuja kwa ghafla kutoka milimani, nzito, ya baridi, na soko zima likakimbia. Askari wakajibana chini ya ngao zao. Ndani ya baraza kila mtu alisogea nyuma, mpaka karibu na maiti, maana upepo ulikuwa unarusha maji kati ya nguzo.

Kaligene hakusogea. Alibaki kwenye ngazi yake, maji yakimtiririka kichwani, kanzu imemganda mwilini mpaka mbavu zikaonekana.

"Baba, ingia!" Evalko aliita.

"Mvua hainiumi."

"Utakufa kwa baridi!"

"Basi nitakuwa nimekufa msafi," Kaligene akajibu bila kugeuka, na wachache wakacheka, kwa kuwa walizoea kucheka akisema.

Matrea hakucheka. Alikuwa anatazama mchirizi wa paa, ule mstari wa maji uliokuwa unadondoka ukingoni na kuchimba jiwe la ngazi. Kaligene alikuwa ameketi nje yake kidogo tu. Mchana, askari walipoleta mkate wa shayiri na zeituni, Evalko alimpelekea baba yake fungu lake, na mzee alimwambia, "Weka hapo, rudi." Matrea aliona, akadhani ni ukali wa msiba. Na asubuhi alimzuia mwanawe kwa mikono iliyopanuliwa, mikono ambayo haikumshika.

Hakuna mtu Megara asiyejua Kaligene anasemaje juu ya unajisi wa damu. Ni moshi, alifundisha, bibi vizee wanautumia kutishia wajukuu. Mwaka fulani alikwenda kula chakula cha mchana juu ya kaburi la muuaji, vijana wamemzunguka wanapiga makofi, akalamba na vidole. Mtu huyo huyo, tangu ngao ianguke, hakuwa amekanyaga tena chini ya paa ambalo mwanawe yuko. Kinywa chake kilikuwa kimelelewa barazani, lakini mwili wake ulilelewa na mama wa Kimegara kama sisi wengine.

Matrea akatembea mpaka ukingoni, akasimama ndani ya mchirizi.

"Mwalimu. Nasikia wewe huogopi damu."

"Naogopa wapumbavu. Wao wako wengi."

"Basi panda ngazi mbili, uje ukae na mwanao. Anatetemeka kwa ajili yako."

Kaligene aligeuza uso. Macho yalikuwa yale yale makali, ila midomo imekuwa ya buluu. "Unaniita chini ya paa. Niambie kwanza, Matrea, paa linaanzia wapi? Kigae cha mwisho ni paa?"

"Ni paa."

"Na tone linalodondoka kutoka kigae hicho, ni la paa au la mbingu?"

"Mwalimu, mimi najua ng'ombe na wezi."

"Kama tone ni la paa, mimi niko chini ya paa tayari. Kama ni la mbingu, wewe nawe uko nje. Kwa hiyo unataka niende nilipo?"

Pantakla akaguna kwa kustaajabu. Ilikuwa nzuri, Matrea alikubali moyoni, na ingemtosha mtu mwingine siku nyingine.

"Nataka ukae mahali pakavu," alisema. "Mahali pakavu hata ng'ombe anapajua."

Kaligene akageukia mvua tena.

Jua halikuonekana likizama, ila mwanga ulikwisha kupungua Mzee Telekle alipotokea na watu wake. Wawili walikuwa wamebeba gurudumu. Walilisimamisha kwenye matope upande wa pili wa uzi, lote limelowa, na kamba zake mpya. Sagari aliliona, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na la kusema. Askari akauvuka uzi kwa idhini ya kuhani, akaanza kumfungua kutoka kwenye nguzo.

"Jina, Matrea," alisema Telekle.

"Ninalo, Mzee. Lakini kabla sijalisema, naomba jambo dogo. Mwalimu Kaligene aingie barazani akae karibu na mwanawe. Basi. Akifanya hivyo, sina jina, na mimi mwenyewe nitakwambia nimekosea."

Telekle alitazama ngazini, akatazama mvua, akakunja uso. "Huo ndio upelelezi?"

"Ndio huo."

"Mzee Telekle," Kaligene alisema kwa utulivu, "mtu anayetaka nithibitishe kwa miguu jambo asiloweza kuthibitisha kwa ulimi..."

"Ingia tu, Kaligene, jamani!" Bito alipiga kelele. "Ingia twende makwetu! Kwani kuna nini humu, chui?"

"Sitacheza ngoma ya msaka mbuzi."

"Mchukueni mtumwa," Telekle akasema.

Walimvuta Sagari kwa mabega. Alikaza miguu kwenye sakafu aliyoifagia maisha yake yote, na miguu ikateleza. "Matrea," alisema kwa sauti ndogo, sauti isiyokuwa yake kabisa. "Matrea, bwana. Sema jina."

Matrea alifungua kinywa kulitaja, ingawa alijua halitamsaidia mtu. Lakini Evalko alimtangulia. Alikuwa amesimama, uso wake umejaa hasira.

"Mnamfanya nini baba yangu? Tangu asubuhi amekaa nje kwa huzuni, mzee mzima, nanyi mnamfanyia mtihani wa paa?" Akaruka mchirizi, akashuka ngazi kwenye mvua. "Baba, usiwajibu. Nipe mkono. Tuingie wote, uwaaibishe."

Akanyosha mkono.

"Usiniguse!"

Haikuwa sauti ya baraza. Ilikuwa sauti ya mtu anayemvuta mtoto kutoka motoni. Kaligene alirudi nyuma kwa kasi, akakosa ngazi, akaanguka chali kwenye matope karibu na uzi, mikono yote miwili ameificha kifuani. "Usiniguse, mwanangu. Rudi ndani. Si mikono hii. Rudi!"

Waliomshika Sagari walimwachia bila kuambiwa.

"Mikono hiyo ina nini, mwalimu?" Matrea aliuliza, na hakuuliza kwa ukali.

Kaligene alikuwa anamtazama Evalko, aliyesimama na mkono wake bado umenyoshwa, vidole vinadondosha maji.

"Alikuwa anakuchukua," alisema. "Nimekuzaa nikiwa na mvi. Sirakusa, Evalko. Ningekuona lini tena?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na Matrea aliyekuwa na mabinti watatu aliuhisi hapo hapo, akaukasirikia. Evalko aliushusha mkono. Alipanda ngazi kinyumenyume, moja, halafu nyingine, akapita mchirizi, akaenda mpaka kwenye maiti, akaketi pale pale alipokuwa amekaa tangu asubuhi.

Mzee Telekle alikohoa. "Mfungueni huyo," alisema, na kuhani akaanza kutafuta fundo la uzi wake.

Sagari alikuwa anasugua viganja. Mdomo ulikuwa umesharudi. "Na ile ngao atafutwe mwingine wa kuitundika," alimwambia Matrea. "Mimi na ngao tumeachana."

Matrea alimpiga begani. Alikuwa na haki ya kwenda nyumbani sasa, kula dengu zake, kuogeshwa kwa maji ya bahari ya kuondoa unajisi na kulala. Pantakla na Bito walikuwa wameshakimbilia fundo, wanasukumana. Yeye hakuondoka bado.

"Evalko," Kaligene aliita kutoka matopeni. Askari walikuwa wamemzunguka kwa virungu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumshika. "Mwanangu. Watanipeleka sasa hivi. Niangalie basi."

Evalko hakuinua kichwa. "Ingia, Baba," alisema. "Mahali pako ni hapa. Ingia unichukue."

Mzee alijiinua. Alifika ngazini, akauinua mguu, akauweka kwenye jiwe la kwanza, akauweka mwingine kwenye la pili, mpaka maji ya mchirizi yakawa yanampiga usoni. Alisimama hapo akimtazama mwanawe kwa muda ambao hata Telekle hakuthubutu kuukata. Kisha akarudi nyuma, ngazi kwa ngazi, akawanyoshea askari mikono yake wakaifunge.